Bao Moja Lisihesabiwe Mara Mbili

Juma lililopita nilifanya jambo la aibu, na leo nalikiri mbele yenu. Vijana walikusanyika dukani kutazama mpira katika televisheni, nami nilikuwamo. Bao likaingia, tukashangilia. Mara bao lile lile likaonyeshwa tena polepole, na mzee mmoja jirani yetu akaruka juu: "La pili hilo!" Wote tukamcheka, na mimi karani wa parokia nikacheka kuliko wote. Mzee akatwaa fimbo yake, akaenda zake bila kuaga.

Usiku sikupata usingizi. Nikakumbuka habari niliyopata kusoma juu ya Tony Verna, Mmarekani aliyekuwa mwongozaji wa matangazo ya michezo. Mwongozaji watazamaji hawamwoni. Hukaa ndani ya gari nje ya uwanja, mbele yake picha za kamera zote, naye huchagua upesi ipi iwaendee watu. Akikosea hana ubao wa kufuta, kama tulio nao sisi waalimu.

Tarehe 7 Desemba 1963, mjini Philadelphia, timu ya Jeshi la Nchi Kavu ilipambana na ya Jeshi la Majini katika ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi. Verna, mwenye umri wa miaka 30, alileta mashine ya kunasa picha yenye uzito wa zaidi ya kilo 500. Alitaka watu waone tena tendo lililopita punde tu. Shida ilikuwa kupata mahali penyewe katika utepe. Basi akatia humo milio, ili sikio limwongoze. Akajaribu mara kadhaa, mashine ikamkatalia. Mchezo ulipokaribia kwisha, Rollie Stichweh wa Nchi Kavu akapenya na mpira, akapata pointi. Verna akarudisha utepe, na safari hii picha ikatoka safi.

Lakini mtangazaji, Lindsey Nelson, ilimbidi awaambie watazamaji kwa sauti kubwa kwamba hilo si jipya, Nchi Kavu hawakupata pointi tena. Naam, mwisho walishindwa 21 kwa 15.

Verna aliendelea na kazi hiyo miaka mingi. Mwaka 1987 aliongoza hata matangazo ya Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akisali Rozari kuombea amani, yakaonekana katika nchi nyingi. Alifariki mwaka 2015.

Basi, ikiwa Wamarekani wenyewe walihitaji kuambiwa, mzee wetu ana kosa gani? Wenye kosa ni sisi tuliojua, tusimweleze, tukacheka.

Kulipokucha nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinitazama kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, ungeniambia tu." Akanivutia kigoda nikae. Mpira ujao tutautazama pamoja, benchi moja.