Desa la zamani, jalada jipya

Wiki ya test imepita salama, bumu limeingia, na najua hapa hall kuna washkaji wameshaanza kuhesabu hela ya gemu kabla ya hela ya chakula. Sawa, hela ni yako. Ila kabla hujaitoa mfukoni, leo ngoja niseme la moyoni kuhusu haya makampuni tunayoyashabikia.

Nasomea ualimu, kwa hiyo mfano wangu unatoka darasani. Desa wote tunalijua. Mtu anachukua kazi ya mwaka juzi, anabadilisha jalada, anapanga herufi vizuri, anapeleka kwa mhadhiri kama yake mpya. Ukikamatwa, unajua kitakachokupata. Sasa wenzetu wa gemu wanafanya hivyo hivyo mchana kweupe, na badala ya kupewa sifuri wanapewa hela. Tena hela yetu!

Chukua The Last of Us. Sony waliitoa mwaka 2013 kwenye PlayStation 3. Mwaka 2014 ikarudi kwenye PlayStation 4, imesafishwa picha. Mwaka 2022 ikarudi mara ya tatu kwenye PlayStation 5, imechorwa upya, kwa dola 70. Yaani bei ya gemu mpya kabisa, kwa hadithi ile ile, Joel yule yule na Ellie yule yule! Sehemu ya pili iliyotoka 2020 nayo ikapakwa rangi Januari 2024, hata miaka minne haijafika. Sikatai kwamba gemu ni nzuri, tena sana. Lakini kitu kizuri kinauzwa mara ngapi kwa mtu yule yule?

Na usinicheke wewe wa GTA. GTA V ilitoka 2013, ikarudi 2014, ikarudi tena 2022: mashine za vizazi vitatu, gemu moja. Imeuza zaidi ya nakala milioni 200, kwa hiyo Rockstar walikuwa na haraka ya nini? GTA VI ikaahirishwa, na Novemba 2025 wakaahirisha tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Piga hesabu ya shule zetu: mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2013 anamaliza kidato cha sita mwaka 2026. Mtoto wa watu kasoma shule yote akisubiri gemu moja!

Nawasikia mnaosema, "Bwana, gemu ni ghali kutengeneza." Kweli, na ushahidi upo. Mwaka 2023, kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, Sony walipeleka nyaraka mahakamani zikiwa zimefutwa kwa kalamu nyeusi, ila wino haukukolea na watu wakasoma chini yake. Kumbe The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220. Hizo ni hela za kutisha, na ukitumia kiasi hicho utaogopa kujaribu lolote jipya. Lakini jamani, nani aliyewatuma kutumia kiasi hicho? Mpaka jasho la shingoni lionekane, halafu unakuja kuniambia hela ya wazo jipya haipo?

Halafu huo uoga wenyewe hauwasaidii. Agosti 2024 Sony walitoa Concord, gemu ya kupigana risasi kwa timu ambayo aliyewahi kuona Overwatch ya 2016 aliijua mara moja. Waliiuza dola 40 wakati wapinzani wengi wa aina hiyo ni wa bure. Baada ya wiki mbili ikazimwa, watu wakarudishiwa hela, na Oktoba studio ikafungwa. Siku ile ile ilipozimwa, tarehe 6 Septemba, Sony hao hao walitoa Astro Bot, gemu ya roboti mdogo, nyepesi, imejaa vituko vipya kila hatua. Mwisho wa mwaka ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Sasa nani kati ya hao wawili alikuwa wa hatari?

Ukiiangalia vizuri Astro Bot utaumia kidogo. Ndani yake kuna hatua nzima ya nyani wa Ape Escape, gemu iliyotengenezwa na Japan Studio ya Sony, studio ambayo Sony wenyewe waliivunja mwaka 2021. Wanawaweka makumbusho watu waliowafukuza.

Mashabiki wa Xbox msipige makofi, zamu yenu hii. Januari 2023 studio ya Tango ilitoa Hi-Fi Rush, gemu ambayo kila kitu, ngumi, hatua, hata miti, vinakwenda na mdundo wa muziki. Ikasifiwa kila kona, ikashinda tuzo. Oktoba 2023 Microsoft wakamaliza kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Mei 2024 wakatangaza kuifunga Tango. Bilioni 69 za kununua Call of Duty zipo, za kulipa mishahara ya watu wenye wazo jipya hazipo! Bahati yao Krafton wa Korea Kusini waliwaokota Agosti mwaka huo.

Nintendo? Hao walileta Wii mwaka 2006, wakatufundisha kucheza kwa kurusha mkono, nawaheshimu. Ila Mario Kart 8 ya 2014 waliiuza upya 2017 kwenye Switch, na Mario Kart kuu iliyofuata ikaja 2025 kwa dola 80. Hakuna malaika hapa.

Niwe mkweli: sipingi kila marudio. Resident Evil 2 ya 2019 siyo desa. Capcom waliichukua gemu yao ya 1998 wakaifikiria upya kuanzia kamera hadi woga wenyewe. Hata Clair Obscur: Expedition 33 ya Wafaransa, iliyobeba tuzo ya gemu bora ya mwaka 2025, imekopa mapigano ya zamu kutoka kwa Wajapani na haifichi. Kukopa siyo kosa. Mwanafunzi mzuri anasoma vitabu vya watu, anafunga, anaandika kwa mkono wake. Asiyefaa ni yule anayepeleka fotokopi na kudai maksi za mwandishi.

Na wazo halihitaji milioni 220. Balatro ya 2024 ilitengenezwa na mtu mmoja, karata tu, ikapita nakala milioni 1 ndani ya mwezi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Kijana Zau anaingia mkataba na Kalunga, mungu wa kifo, ili amrudishe baba yake. Hadithi inatoka kwenye ngano za Wabantu, na unaweza kuichagua ichezwe kwa sauti za Kiswahili. Kiswahili, wadau! Bei ilikuwa dola 20. Julai mwaka huo studio ikapunguza wafanyakazi. Hapa hall tulikuwa tunafanya nini? Tunabishana Sony na Microsoft kama Simba na Yanga, mpaka watu hawasalimiani. Tofauti ni kwamba Simba akifungwa mchezaji anasajiliwa mwingine. Studio ikifungwa, wazo lililokuwa vichwani mwa wale watu linakufa nao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usilipie gemu kabla haijatoka. Ukiambiwa "mpya", uliza ilitoka mwaka gani. Na katika kila gemu mbili utakazonunua, moja iwe ya watu wasio na jina kubwa. Makampuni hayasomi malalamiko yetu, yanasoma mauzo. Tukiendelea kulipia madesa, watatuletea madesa mpaka tustaafu ualimu.

Mwenye kubisha namkaribisha kimbwetani jioni. Aje na hoja, siyo na jezi.