Kakao ya Kyela, pangaboi na ndoto ya kurusha ndege ya mizigo

MZAZI wa Mbugani, mjini Kyela, aliyeuza kakao yake vizuri mwaka 2024 ana haki ya kumwotea mwanawe mambo makubwa. Desemba ya mwaka ule bei ya kakao katika soko la New York ilipita Dola za Marekani 12,000 kwa tani, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana, na neema hiyo ilifika hadi kwenye minada ya vyama vya msingi vya wakulima. Kufikia mwisho wa 2025 bei ilikuwa imeporomoka kwa karibu nusu. Hata hivyo fedha iliyokwisha kupatikana ilipatikana, na katika kuipangia kazi, ada ya masomo ya watoto huwa haikosi.

Miongoni mwa masomo yanayovutia vijana ni urubani. Na kwa wanaofuatilia, si urubani wowote, bali ule wa ndege kubwa za mizigo. Mvuto huo uliongezeka Juni 2023, pale Air Tanzania ilipopokea Dar es Salaam ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767-300F, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Kwa kijana aliyezoea kuona ndege za pangaboi zikitua Songwe, hii ilikuwa habari kwamba ngazi ya juu ya kazi hiyo sasa ipo nyumbani.

Je, ipo kweli? Na je, mzazi auze kakao, au hata shamba lenyewe, ili mwanawe aipande?

Tuanze na ngazi jinsi ilivyo. Kijana akimaliza chuo cha urubani huwa na leseni ya urubani wa biashara, ambayo kwa viwango vya kimataifa inahitaji takriban saa 200 za kuruka. Saa 200 hazimwingizi mtu kwenye Boeing ya mizigo. Hapa Tanzania wengi huanzia kwenye ndege ndogo, kama Cessna Caravan yenye injini moja, zinazopeleka watalii mbugani Serengeti au abiria Zanzibar, Pemba na Mafia. Huko anajifunza viwanja vya vumbi, mvua za ghafla na kuweka mizani ya abiria na mabegi kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo hupata nafasi ya urubani msaidizi katika kampuni za mikoani, kwenye pangaboi kubwa: ATR za Precision Air, au Q400 za Air Tanzania ambazo zilianza kuwasili Septemba 2016 shirika hilo lilipofufuliwa. Hatua hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ndege hizi zina marubani wawili, injini mbili na taratibu zile zile za kufanya kazi pamoja zinazotumika kwenye ndege kubwa. Saa alizopata peke yake kwenye Caravan zinahesabiwa, lakini mwajiri wa ndege kubwa huuliza kwanza saa za marubani wawili.

Leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria au mizigo, inadai saa 1,500. Kwa kuwa sheria za nchi nyingi haziruhusu rubani kuruka zaidi ya saa 900 hadi 1,000 kwa mwaka, na kwa kuwa kampuni ndogo haziwezi kumpa kazi ya kutosha kila mwezi, mtu anayekwenda haraka hutumia miaka miwili au mitatu baada ya chuo kuzifikisha. Anayekwenda polepole hutumia mitano. Na wapo wanaokaa mtaani na leseni mfukoni kwa sababu hakuna aliyetaka rubani wa saa 200.

Mwenye saa zake na ukapteni wa pangaboi ndiye anayetafutwa na wakubwa. Kwa sababu hiyo kampuni za mikoani, duniani kote, ni shule za wenzao. Humfundisha kijana, humlipia mafunzo ya aina mpya ya ndege kwenye simuleta nje ya nchi, na akishaiva huondoka. Wanajaribu kumzuia kwa mkataba wa kurudisha gharama za mafunzo akiondoka mapema. Akiondoka kapteni mmoja katika kampuni yenye ndege chache, pengo lake mkulima wa mkoani huliona kama safari iliyoahirishwa, bila kuambiwa sababu.

Sasa tuje kwenye mizigo yenyewe. Faida ya kazi hii kwa rubani ilidhihirika mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, ndege za abiria ziliegeshwa na marubani wake wakapunguzwa kazi au mishahara. Za mizigo hazikupumzika. Shehena iliyokuwa ikisafiri kwenye matumbo ya ndege za abiria ilikosa pa kwenda, na wenye ndege za mizigo wakapandisha bei. Kila rubani aliliona hilo, na wengi waliapa kuhamia huko.

Lakini aliyeapa mwaka 2020 alipaswa kutazama mwaka 2023. Abiria walirudi, matumbo ya ndege yakafunguka tena, na kampuni kubwa za mizigo za Marekani zikajikuta na marubani wa ziada. FedEx, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kilele cha ndoto ya rubani wa Marekani, iliwahimiza marubani wake mwishoni mwa 2023 wafikirie kwenda kufanya kazi PSA, kampuni ya mikoani iliyo chini ya American Airlines. Yaani safari ilikuwa ya kurudi nyuma, kutoka ndege kubwa ya mizigo kwenda ndege ndogo ya mikoani. Mwaka uliofuata FedEx ilipoteza mkataba wake mkubwa wa kubeba mizigo ya posta ya Marekani, ukaenda kwa mshindani wake UPS. Kwa mkulima wa kakao hadithi hii si ngeni: mwaka wa bei kubwa ndio mwaka ambao kila mtu hupanda miche.

Jambo jingine ambalo vijana husahau ni kwamba rubani huenda pale mzigo ulipo. Nairobi ina ndege nyingi za mizigo kwa sababu Kenya ina maua na mboga zinazotakiwa Ulaya zikiwa hazijanyauka. Maua yetu ya Arusha yamepita barabarani kwenda kupandia ndege huko huko Nairobi kwa miaka mingi, na pamoja nayo tumepeleka kazi za wapakiaji, mafundi na marubani.

Tuliwahi kuwa na mzigo wetu wa ndege, tena mkubwa. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 minofu ya sangara ilitoka Mwanza kwa Ilyushin za Kirusi. Waliozirusha walikuwa marubani kutoka nchi za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, si vijana wa Mwanza. Filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper iliyowaonyesha, Darwin's Nightmare, ilileta mzozo mkubwa hapa nchini na Rais Kikwete akaipinga hadharani mwaka 2006. Katika kelele zile hakukusikika swali ambalo lingewafaa vijana wetu: kwa nini samaki ni wetu, ziwa ni letu, lakini hakuna Mtanzania kwenye kiti cha mbele? Kazi ile nayo haikuwa ya raha. Machi 2005 Ilyushin moja ilianguka Ziwa Victoria mara baada ya kuruka kutoka Mwanza ikiwa na shehena ya samaki, na watu wote wanane waliokuwamo wakafa.

Je, Kyela ina mzigo wa ndege? Tusidanganyane. Kakao kavu inakaa ghalani miezi, na mnunuzi wa Ulaya anaisubiri ije kwa meli. Mchele wa Kyela ni hivyo hivyo. Kusafirisha kilo moja kwa ndege ni ghali mara nyingi kuliko kwa meli, na hakuna anayelipia haraka asiyoihitaji. Tani 54 za ile Boeing ni magunia 540 ya kilo mia, ambayo hayajazi hata semitrela mbili za barabara ya Tukuyu. Hata parachichi za Rungwe na Njombe, ambazo ni tunda, huenda nje zaidi kwa makontena ya baridi. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, una njia ndefu inayoweza kupokea jeti, lakini njia ndefu haileti mzigo. Kitakacholeta ni bidhaa inayoharibika upesi, yenye bei kubwa kwa kilo, inayopatikana kila wiki bila kukatika, pamoja na vyumba vya baridi vya kuihifadhi.

Kwa wafanyabiashara wadogo wanaoagiza simu, nguo na vipuri kutoka Dubai na China, ndege ya mizigo ina maana zaidi. Ila wao wanajua hesabu ya lori: gari likienda Dar limejaa mchele na kurudi tupu, nauli ya kwenda ndiyo inabeba safari zote mbili. Ndege ni hivyo hivyo, isipokuwa mafuta yake hayanunuliwi kwa madumu.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kazi nyumbani. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Soko lile la mboga na maua, ambalo ndilo hasa hulipa ndege ya mizigo Afrika Mashariki, likafungiwa ndege zetu. Kabla ya hapo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilikwisha kuonyesha kuwa ATCL ilipata hasara ya Sh91.8 bilioni mwaka wa fedha 2023/24, kutoka Sh56.6 bilioni mwaka uliotangulia.

Na hata mambo yangekuwa mazuri, ndege moja ya mizigo inayokwenda mbali huhitaji marubani kati ya wanane na kumi na wawili hivi ili ifanye kazi usiku na mchana. Hao ndio wote. Wakishapatikana, mlango unafungwa mpaka mmoja astaafu, na kimataifa rubani wa ndege za aina hii anaruhusiwa kuruka hadi miaka 65.

Kwa hiyo kijana wa Kyela anayetaka mizigo ajue mapema kwamba huenda atafanya kazi ugenini. Ethiopian ina kitengo kikubwa cha mizigo chenye Boeing 777. Emirates ya Dubai huajiri marubani wa mataifa mengi, na wanaorusha 777 za abiria hupangiwa pia zile za mizigo. Ulaya na Marekani ni habari nyingine: huko huulizwa kwanza leseni ya kwao na haki ya kuishi na kufanya kazi, kabla hata ya kuulizwa saa. Jambo moja linalomsaidia aliyepitia 767 ni kwamba ndege hiyo inatumiwa na kampuni nyingi za mizigo, na cheti chake huambatana na cha 757.

Turudi kwa mzazi na kakao yake. Gharama za chuo cha urubani hadi leseni ya biashara ni makumi ya maelfu ya dola. Tuchukulie kwa mfano Dola 50,000, na dola moja iwe Sh2,500. Hiyo ni Sh125 milioni. Kwa bei ya Sh10,000 kwa kilo ni kilo 12,500 za kakao kavu. Kwa bei ya Sh30,000 ni kilo zisizopungua 4,100. Mkulima mwenye ekari mbili tatu anayepata kilo mia chache kila ekari aone mwenyewe ni misimu mingapi, bila kula wala kununua dawa. Na fedha hiyo inamfikisha mtoto kwenye saa 200, si kwenye saa 1,500.

Maoni ya mwandishi ni kwamba kuuza shamba la kakao kwa ajili hiyo ni kamari, hata kama mtoto ana akili. Mkakao unaotunzwa huzaa miongo kadhaa. Leseni ya urubani isiyorushwa huisha muda. Mwenye mavuno mengi anayeweza kulipa kwa faida ya msimu bila kugusa ardhi, hilo ni suala lake. Kwa wengine upo mlango mwingine katika viwanja hivyo hivyo: ufundi wa ndege, unaofundishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, Dar es Salaam, kwa ada isiyofanana hata kidogo na ya urubani. Ndege ya mizigo hairuki bila saini ya fundi, na mafundi nao huhama kutoka kampuni ndogo kwenda kubwa.

Kwa aliyekwisha kuamua, mambo mawili yatangulie malipo yoyote. Athibitishe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kwamba chuo anachokitaka, cha ndani au nje, kinatambuliwa na leseni yake itakubalika hapa. Na kijana apimwe kwanza afya ya daraja la kwanza na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka hiyo: macho, masikio, moyo. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo ukilinganisha na ada, na wapo waliogundua tatizo la macho baada ya kulipa muhula mzima.