Mtihani Hausubiri Jengo

Mwandishi aliyewashambulia walimu wa kujitolea wa Peace Corps katika sekondari za Tanzania anadai hivi: majaribio ya chupa na mabomba ya sindano ni mchezo, na shule isiyo na maabara ifundishe nadharia hadi jengo likamilike.

Hadi lini? Mtahiniwa wa kidato cha nne ana mtihani wa vitendo wa kemia mwaka huu, si mwaka wa uzinduzi.

Dai lake dhaifu kuliko yote ni kwamba vifaa vya mtaani havipimi kitu. Amewahi kuvishika? Bomba la sindano la mililita 10 lina alama ubavuni. Mwanafunzi anavuta asidi ya betri ya gari iliyokwisha kuzimuliwa (asidi hutiwa kwenye maji, kamwe si kinyume), anaidondosha tone kwa tone kwenye maji ya magadi yaliyotiwa choya iliyochemshwa. Ukijani unapotea, wekundu unaingia. Anasoma alama, anarudia, anakokotoa. Bureti ya kioo ingempa usahihi zaidi. Hatua ni zilezile.

Eti wageni huondoka baada ya miaka miwili. Ni kweli, na ndiyo maana vifaa vinatoka duka la dawa na gereji ya jirani: mwalimu mwenyeji anabaki navyo, pamoja na mwongozo wao wa Shika na Mikono. Kinachokufa mgeni akiondoka ni mashine iliyoletwa kwa meli, isiyo na fundi wala kipuri.