Spoku Si Sindano ya Sweta

Mtu ashukaye mlima Sekenke kwa barabara iendayo Nzega, akatua Shelui wakati wa kipupwe, asistaajabu akimwona binti ameketi kizingitini na spoku mbili za baiskeli mikononi, akimfumia mdogo wake sweta. Na kwa hakika akili hiyo ya kugeuza chuma cha gurudumu kuwa chombo cha sanaa ni ya kusifiwa, wala mimi, niliyejifunza kwa spoku hizo hizo, si mtu wa kuzidharau. Walakini leo nazishitaki.

Unene wa spoku wapata milimita 2, hali uzi wa kawaida wa masweta ya watoto wataka sindano ya milimita 4. Kufuma, kwa asili yake, ni kuvuta kitanzi ndani ya kitanzi kwa uzi mmoja usiokatika, na kimo cha kitanzi hukadiriwa kwanza na unene wa sindano, si na bidii ya mfumaji. Sindano ya kadiri hutoa vitanzi kama 22 katika sentimita 10. Basi vitanzi 110 huzunguka sentimita 50. Kwa spoku vikibana hata vifike 28, vitanzi vile vile 110 havitimizi sentimita 40: sweta hugoma kifuani, kavu kama jamvi, na binti akalaumiwa kwa uzembe, ilhali taksiri ni ya chombo.

Yafaa walimu wa kazi za mikono waanze na kipande cha kujaribia, upana wa kiganja, kihesabiwe kwa rula kabla ya lolote (na wavulana wawepo, maana nyavu za samaki hufumwa na wanaume na hatujamsikia aliyewacheka). Sindano nazo si lazima zitoke ng'ambo. Ufito mnyoofu wa mkole, ukianikwa kivulini usipinde, ukachongwa ncha butu kidogo, ukapigwa msasa hata ukateleza, kisha ukasuguliwa kwa mafuta ya alizeti, ambayo mkoa huu wa Singida hauyakosi, haunasi uzi. Mwishoni utiwe kifundo, vitanzi visidondoke.

Na uzi? Lugha yetu imeongeza herufi moja tu katika kufuma, tukapata kufumua. Sweta la mtumba lililochakaa viwiko hufumuliwa polepole, uzi ukazungushwa mgongoni mwa kiti, ukafungwa mafungu, ukaloweshwa, kisha ukaanikwa na kitu kizito kikining'inia chini yake, hata mikunjo ya zamani itoke.