Mirungi haiondoi usingizi, inauahirisha tu

Ukisimama Kitai, wilayani Mbinga, huhitaji kuuliza biashara gani inaendelea. Malori ya makaa ya mawe yanajibu yenyewe. Tangu vita vya Ukraine vipandishe mahitaji ya makaa duniani mwaka 2022, mzigo wa Ngaka umekuwa ukisafirishwa kwa barabara kupitia Songea, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Ni zaidi ya kilomita 600 kwa upande mmoja.

Kwa watu wa Ruanda, Amani Makoro na Litumbandyosi, malori si habari tena. Swali linalobaki ni hili: dereva anayekesha njiani, anakesha kwa nini?

Wapo wanaokesha kwa kahawa, wapo wanaolala kwanza. Lakini kwenye barabara za masafa marefu Afrika Mashariki nzima kuna jibu lingine ambalo kila mtu analijua: mirungi. Vijana wanaiita gomba au veve, Wakenya wanaiita miraa.

Hapa kwetu mjadala wa mirungi huishia kwenye polisi na jela. Sawa, sheria ni sheria. Ila kwa mama anayetembea kando ya barabara na mtoto mgongoni, hatari iliyo karibu naye zaidi ni dereva anayedhani hana usingizi kumbe anao.

Ilianza kwa heshima

Mirungi si kitu cha jana. Mti huu unaota wenyewe porini kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Kule Harar, Ethiopia, na Yemen, watu waliutafuna ili wakeshe kwenye ibada. Kwa Wameru wa Kenya, kifungu cha miraa kilichofungwa vizuri hupelekwa kwa wazazi wa binti wakati wa kuomba uchumba, na wazee huitumia wanapokaa kujadili mambo mazito. Afrika Kusini majani yake yalichemshwa kama chai kwa ajili ya kifua na uchovu.

Ukiangalia vizuri, matumizi hayo yote yalikuwa na mipaka. Kulikuwa na siku yake, watu wake na mahali pake. Na la muhimu zaidi, mtumiaji alikuwa amekaa chini. Hakuwa ameshika usukani wa semi-tela lenye tani 30 kwenye mteremko saa tisa usiku.

Inafanya nini mwilini

Ndani ya majani mabichi kuna kemikali inayoitwa kathinoni. Inafanya kazi kwa namna inayofanana na amfetamini: moyo unapiga haraka, presha inapanda, njaa inapotea na mtu anakuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi. Hiyo ndiyo handasi yenyewe.

Saa chache baadaye inashuka. Mtu anakuwa mzito, mwenye hasira au huzuni, na usingizi aliousukuma mbele unarudi. Yaani ni kama mkopo: pesa umetumia, deni liko palepale. Likidai ukiwa nyumbani, utalala. Likidai ukiwa kwenye kona, hakuna wa kukuamsha.

Shida nyingine ni kipimo. Kathinoni haidumu. Majani yakinyauka, ndani ya siku mbili hivi sehemu kubwa inageuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana wauzaji huyafunga kwenye majani ya mgomba yasikauke. Sasa fikiria: kutoka milima ya Same, ambako mirungi imekuwa ikilimwa kwa siri, hadi Mbinga ni zaidi ya kilomita 1,000. Kifungu kinachofika huku hakuna anayejua kina nguvu kiasi gani. Leo mtu anatafuna kingi hasikii kitu, kesho anapata kibichi, anatafuna kiasi kilekile, moyo unakwenda mbio.

Mwenye presha au ugonjwa wa moyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Mjamzito pia, kwa sababu mirungi imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa watumiaji wazito, wengine huanza kuona na kusikia vitu ambavyo havipo. Kuna na hili ambalo wengi hawalijui: kutafuna mirungi kunaweza kupunguza kiasi cha dawa kama ampisilini kinachoingia mwilini. Unameza dozi, ugonjwa haushuki, unalaumu duka la dawa.

Jani moja, sheria mbili

Tanzania imeiweka mirungi kwenye sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Kifungo kwa anayeisafirisha kinaweza kufika maisha, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imefanya operesheni za kung'oa mashamba huko Same. Ukivuka mpaka wa Kenya, jani hilohilo ni zao la biashara linalotambuliwa kisheria tangu 2016. Uingereza nayo iliipiga marufuku Juni 2014.

Hata Kenya hawajakubaliana wenyewe. Mei 2024 kaunti za Pwani, Mombasa ikiwa mbele, zilipiga marufuku muguka, jamii ya miraa inayolimwa zaidi Embu, zikisema inaharibu vijana. Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kisheria. Mkulima anatetea mkate wake, mzazi anatetea mtoto wake, na wote wana hoja.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba sheria peke yake itamaliza. Marufuku inapunguza mzigo sokoni, lakini haimpi dereva usingizi. Anayelipwa kwa tripu, au anayepigiwa simu kila saa aulizwe amefika wapi, atatafuta kitu cha kumkesha. Ukimnyang'anya mirungi atahamia kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu au vidonge.

Kianzie wapi

Kwenye mabasi ya masafa marefu tumezoea kuona madereva wawili wakipokezana. Kwa lori la makaa linalokwenda Mtwara, kwa nini iwe ajabu? Wenye magari wapange tripu zenye saa za kulala, na halmashauri zinazopitiwa na mzigo huu zitenge maegesho yenye taa, choo na ulinzi, ili dereva asiogope kuibiwa mafuta akifumba macho.

Kwako dereva: ukianza kupiga miayo mfululizo, au ukagundua hukumbuki kilomita chache zilizopita, mwili umeshakwambia. Weka gari pembeni. Kahawa, ambayo Mbinga wanailima kwa wingi, inaweza kukusaidia kidogo, ukiinywa kisha ukalala dakika 20. Lakini nayo haifuti deni. Deni la usingizi hulipwa kwa kulala.

Na wewe utingo, ukimwona bosi wako kichwa kinaanguka, usinyamaze kwa heshima. Mwamshe, mwambie apaki.