Baba, Tembea Pamoja na Jamaa Yako

Juma hili twataka kusema neno juu ya jambo linaloonekana dogo: kutembea siku moja pamoja na bibi na watoto. Katika miji yetu wako akina baba wengi wanaoijua njia ya kazi, njia ya soko na njia ya nyumba ya pombe. Lakini ukiwauliza ni lini walitoka mara ya mwisho pamoja na jamaa yao yote, wananyamaza. Sisi pia tulikuwa miongoni mwao. Sikilizeni jinsi tulivyoonywa.

Watoto wetu walituomba kwa muda mrefu tuwapeleke kuuona mji wa Lubero, kule juu milimani. Kila mara tulijibu: "Likizo ijayo." Likizo tatu zikapita. Siku moja mdogo wao alimwambia ndugu yake, akidhani hatumsikii: "Likizo ijayo, maana yake ni hapana." Neno hilo lilituchoma kuliko karipio la mkubwa. Tulikuwa tukiwafundisha watoto wa wengine kutimiza ahadi, na wa kwetu walikuwa wamekwisha kujifunza kutotusadiki! Basi Jumamosi iliyofuata tukatoka Butembo alfajiri, sote sita. Mama wa watoto alikuwa amepika viazi, maharagwe na sombe usiku. Kwa hiyo tulilipa nafasi za gari tu.

Njia yaelekea kusini, ikizunguka vilima vyenye mikalitusi na mashamba yaliyopanda hata vileleni. Urefu wake haufiki kilometa 60, lakini gari hupanda polepole. Katikati barabara yakata mstari wa ikweta, kwa maana Butembo iko upande wa kaskazini na Lubero upande wa kusini. Watoto walichungulia dirishani kuutafuta mstari huo, wakaona mbuzi na ukungu tu, wakacheka sana. Mkubwa wao akauliza: "Baba, kitabu chasema kwenye ikweta kuna joto. Mbona tunatetemeka?" Tukamjibu kwamba Lubero iko karibu meta 2,000 juu ya bahari, na mtu akipanda meta 1,000, hewa hupoa kwa digrii kama 6.

Hapo tulijiona walimu hodari. Lakini mbele kidogo mama wa watoto alinyosha mkono kuonyesha kilima kimoja, akaanza kusema. Alipokuwa msichana alipita huko kwa miguu nyuma ya mama yake, mzigo wa viazi mgongoni na ukamba wake kwenye paji la uso. Akatuonyesha mahali walipopumzika na kijito walichokunywa maji yake. Akatuonyesha na mteremko alipoanguka, viazi vyote vikabingirika hata bondeni. Naye mama yake, badala ya kumpiga, aliketi chini akacheka mpaka machozi. Watoto wakamsogelea. Sisi tulikuwa tumeoana miaka 14, wala hatukuwahi kusikia habari hiyo. Hatukuwahi kuiuliza.

Lubero si mji mkubwa. Tulitembea sokoni, tukatazama nyumba za serikali, tukala chakula chetu majanini. Ukungu ulipoanza kushuka, tukarudi. Hakuna ajabu lililotokea. Lakini njia nzima ya kurudi watoto hawakutuuliza sisi neno, walimwuliza mama yao: "Na kisha?"

Labda mmoja wenu atasema: "Tumezaliwa milimani, kwa nini tutoe fedha ili kuitazama?" Ndugu, hatukulipia milima. Tulilipia saa chache ambazo baba hana mahali pa kukimbilia, ameketi karibu na watu wa nyumba yake, magoti yakigusana, na lazima awasikilize.

Tena, siku hazitungoji. Mwezi wa 6 mwaka 2024, vita ilipofika Kanyabayonga, kusini ya Lubero, jamaa nyingi sana zilikimbilia kaskazini kwa barabara hiyo hiyo, magodoro vichwani. Watoto waliopita siku zile hawakutafuta mstari wa ikweta. Tangu hapo neno "likizo ijayo" latuwia zito kinywani.

Kwa hiyo, ninyi akina baba, si lazima kwenda Lubero, wala si lazima kupanda gari. Kilima cha karibu chatosha, au kijiji alikozaliwa bibi yako. Taja siku, uitimize. Na mkiwa njiani, usiseme peke yako kama mwalimu mbele ya ubao: mwache mama naye aseme. Huenda nawe utasikia habari ambazo zimekaa nyumbani mwako miaka mingi, zikingoja mtu wa kuziuliza.