Barua ya wazi kwa Waziri: Thimlich Ohinga inataka mafundi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni na Urithi wa Taifa,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Mtoto wa shule yeyote nchini atakwambia kwamba Fort Jesus ilijengwa na Wareno, na mwenye bidii ataongeza kwamba kazi ilianza 1593. Muulize kuhusu Thimlich Ohinga, atakukodolea macho. Sisi wa Mombasa, tuliokulia kivulini mwa ngome ya Wareno, ndio wa kwanza kutoijua ngome hii ambayo Waafrika waliijenga kwa mikono na akili zao wenyewe, tena bila tone la chokaa.

Iko kwenye mteremko wa kilima, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Ni maboma makubwa manne, Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch, yenye historia ya tangu karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kuanzia mita 1.5 hadi 4.5. Aliyezoea nyumba za mawe ya matumbawe za Pwani huusogelea ukuta karibu kabisa akitafuta kilichoyashika mawe, na hakioni, kwa kuwa hakipo. Mawe hayakuchongwa. Kila moja lilichaguliwa likae sawasawa na jirani yake, uso wa nje na uso wa ndani, na katikati pakashindiliwa vijiwe vidogo. Ukuta unapohitaji msaada, umeegemezwa kwa nguzo za mawe hayo hayo.

Malango ni mafupi mno. Nilipoingia Kochieng ilinibidi kuinama, na juu ya kichwa changu palilazwa mawe marefu, bapa, yakifanya kazi ya linta. Adui aliyeingia hapo alitanguliza kisogo, na mlinzi wa ndani hakuhitaji nguvu nyingi kummaliza. Pana pia alama za uhunzi wa chuma, na vishimo vya mchezo wa ajua vilivyotobolewa kwenye mwamba. Wacheza bao wetu wa Pwani wangechutama papo hapo, ingawa wangelalamika kwamba safu ni mbili badala ya nne.

Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza Thimlich Ohinga katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ikiwa ya saba kwa Kenya. Hongera kwa wote waliohangaika. Ila mahali pakishapata jina kubwa, kwetu huwa tunafikiria kwanza lami, geti la kupendeza na hoteli. Sina ugomvi na lami; wenyeji wanaihitaji hata asipokuja mgeni. Ninachoomba ni kwamba mafundi watangulie.

Ukuta wa namna hii una tabia yake. Mvua ikinyesha, maji hupenya na kutoka, nao ukuta haudhuriki sana. Lakini mtalii mmoja akiukwea kutafuta picha, au mzizi wa mti ukisukuma jiwe la chini, ya juu yanakosa pa kukalia na sehemu nzima inaweza kushuka. Dawa yake si saruji. Ukiutia saruji umeuzibia njia za maji na kuufanya mgumu mahali pamoja na mlegevu pengine. Unahitaji mtu anayejua kusoma jiwe, alishike, aligeuze, aliweke, na asiposikia limekaa aliondoe tena. Makumbusho ya Taifa yamewahi kukarabati sehemu zilizoanguka, na yanastahili shukrani. Hata hivyo ukarabati wa mara moja moja hautoshi kwa ukuta unaotaka kuangaliwa kila baada ya masika.

Desturi ya makazi haya iliendelea katika bonde la Ziwa Victoria mpaka katikati ya karne ya 20. Maana yake wapo wazee ambao wazazi wao waliyajua maboma haya kama nyumbani. Hao hawatatungoja. Waajiriwe mafundi wa kudumu kutoka vijiji vya jirani, wapewe vijana wa kuwafunza, walipwe kila mwezi kama anavyolipwa mlinzi. Kazi hii isitangazwe kwa zabuni. Mkandarasi anayelipwa kwa mita ana kila sababu ya kuharakisha, na mwenye haraka hakosi mfuko wa saruji kwenye gari.

Kuna jambo jingine. Watafiti wamehesabu maeneo 138 ya aina hii katika ukanda huo, yenye majengo 521. Thimlich Ohinga ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote. Nyingine ziko katika ardhi za watu, na mkulima anayejenga msingi wa nyumba akiwa na rundo la mawe mazuri shambani mwake, simlaumu akiyachukua. Hakuna aliyemwambia ni nini, wala aliyempa sababu ya kuyaacha. Thimlich Ohinga ilitangazwa mnara wa kitaifa mwaka 1981. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inakupa wewe, Mheshimiwa, uwezo wa kuzitangaza na hizi nyingine. Anza na zile ambazo wenye ardhi wako tayari, na mwenye ardhi apate chochote kwa kuzitunza.

Bajeti ijayo ikiandaliwa, naomba kifungu kimoja tu: mishahara ya mafundi wa mawe wa Thimlich Ohinga.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Mombasa